Mtaa Uliopungukiwa Hadhi

Idara ya Kupandisha Hadhi ya Mitaa inayo furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba uchunguzi wa kina umekamilika, na imebainika pasi na shaka kuwa mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha zamani cha magodoro unasumbuliwa na upungufu mkubwa wa hadhi. Wakazi wasiwe na hofu. Ugonjwa umegunduliwa mapema, na tiba yake ni tingatinga.

Maneno hayo niliyatunga mimi, na nikayasoma mimi mwenyewe kwa kipaza sauti, nikiwa nimesimama juu ya gari la Idara katikati ya mtaa wenyewe. Mimi ni Msemaji wa Idara. Mitaani wananiita Bwana Tamko, jina nililolipokea kwa unyenyekevu, maana wako wenzangu ofisini wanaoitwa mabaya zaidi.

Dalili za upungufu wa hadhi zilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho ya kitaalamu. Watu walisalimiana kwa muda mrefu kupita kiasi. Nguo zilianikwa mahali penye jua. Wazee walikaa kwenye viti nje ya nyumba zao bila ajenda. Duka la chumvi lilikuwa karibu na nyumba kiasi kwamba mtu aliweza kwenda na kurudi kabla sufuria haijachemka, hali ambayo wataalamu wetu waliiita msongamano wa huduma.

Ni vema nieleze hapa, kabla wenye ndimi ndefu hawajaeleza, kwamba mtaa huo ndimo nilimokulia. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa dobi pale, na ndiye aliyenilea. Alifua na kupiga pasi nguo za nusu ya jiji, yakiwemo mashati ya Mkurugenzi wetu. Kwa hiyo si kweli, kama walivyodai watu, kwamba Idara haikuujua mtaa ule. Idara iliuvaa kila siku.

Baada ya tangazo nilikwenda kwake kama mtoto wa nyumbani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umemaliza kelele?"

"Zile si kelele, Shangazi. Lile ni tamko."

"Haya. Vua viatu, sakafu bado mbichi." Aliiweka pasi ya mkaa kwenye kigae chake, akanitazama kuanzia kwenye tai kushuka chini. "Hebu niambie kwa lugha ya watu. Mnatufukuza?"

"La hasha! Hakuna anayefukuzwa. Mnahamishwa kwa hiari ya lazima."

"Hiari ya nani, na lazima ya nani?"

"Hiari yenu, lazima yetu."

"Ahaa." Akaichukua pasi, akapuliza majivu. "Basi tumegawana vizuri."

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Fundi Saa, aliingia bila kubisha hodi kama ilivyokuwa desturi yake, lenzi yake ndogo ya kazi bado imembana jichoni. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye kikohozi na heshima zake. Aliniuliza huko tunakowapeleka, Eneo la Mpito, watakaa muda gani.

"Muda wa mpito, Mzee."

"Mimi kazi yangu ni saa, mwanangu. Muda wa mpito ni saa ngapi?"

"Ni muda ambao ukiisha mtajulishwa."

Alicheka mpaka lenzi ikamdondoka. Nilifurahi kuona mwananchi ameupokea mradi kwa bashasha, nikaiweka furaha hiyo kwenye taarifa.

Eneo la Mpito liko nje ya jiji, ng'ambo ya machimbo ya kokoto. Lina nafasi ya kutosha na upepo wa kutosha. Maji huletwa na lori, siku ambayo lori limeamua. Watu walibebwa na malori ya mchanga pamoja na vitanda vyao, masufuria yao, na kiti cha kunyolea cha Kinyozi wa mtaa, ambacho kilikaa juu kabisa ya mizigo kama mfalme aliyepinduliwa. Shangazi alikataa kupanda lori kwa kusaidiwa. Alipanda mwenyewe, akaketi juu ya furushi la nguo za wateja, pasi mapajani. Nilimpungia mkono. Hakunipungia. Niliona ni kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na pasi.

Tingatinga lilifanya kazi yake kwa muda mfupi kuliko lilivyotumia kuegeshwa.

Ujenzi nao ulikwenda kwa kasi, kwani Mwekezaji aliyeuziwa eneo hilo alikuwa mtu wa haraka: mfupi, mwenye simu tatu na shingo isiyopumzika. Akajenga jumba jeupe, juu nyumba za kuishi, chini maduka, katikati ua wenye chemchemi ya maji yanayoruka na kurudi palepale yalipotoka. Jina rasmi la jumba hilo lilikuwa refu na lenye fahari. Wapita njia waliliita Friji. Walisema ni jeupe, lina taa ndani, na ukilifungua hukuti kitu unachoweza kula.

Maduka yalikuwa ya kiwango cha juu. Moja liliuza mishumaa yenye harufu ya mvua. Jingine liliuza mito ya kulalia mbwa. La tatu sikuwahi kuelewa linauza nini, na msichana aliyesimama ndani naye hakuwahi kuelewa, ila alipewa sare. Mabenchi yaliwekwa uani, na askari wa jumba waliagizwa kumwinua kila atakayeketi, kwa sababu yalikuwa mabenchi ya mandhari. Ngazi za umeme zilipanda na kushuka kutwa nzima bila mtu, zikilia kwa sauti ndogo kama mgonjwa asiyetaka kusumbua.

Tatizo lilijitokeza taratibu. Hakuna aliyekuja kuishi.

Haikuwa kwamba jumba halikupendwa. Watu wenye uwezo walikuja, wakapanda lifti, wakasifu vigae, wakachungulia dirishani, wakaondoka. Walisema limetulia mno. Mmoja alisema alipopiga chafya, chafya ilimrudia. Katika picha za matangazo waliahidiwa mtaa wenye uhai: mama akicheka dirishani, mzee akinyolewa, mtu akimwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Sasa walitaka kujua uhai huo uko ghorofa ya ngapi.

Mwekezaji alikuja ofisini kwetu akiwa amekasirika kwenye simu zote tatu.

"Mkurugenzi, uliniuzia mtaa wenye uhai!"

"Ulikuwa nao," alisema Mkurugenzi. "Lakini ulisema tuutoe ili upate nafasi ya kujenga."

"Nilisema mtoe watu! Sikusema mtoe uhai!"

Mkurugenzi alinigeukia. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kuzindulia madaraja, lakini siku hizo hadhi yake ilikuwa na walakini kidogo. Kola za mashati yake zilikuwa zimekunjamana tangu dobi wake ahamishwe, na hakuna dobi mwingine aliyeziweza.

"Tamko," alisema, "uhai tuliupeleka wapi?"

"Eneo la Mpito, Mkuu."

Wakati huohuo habari ikaja kwamba Mheshimiwa Waziri atalizindua jumba rasmi, akifuatana na wajumbe kutoka miji mingine wanaotaka kujifunza kwetu. Palepale ikaundwa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Uhai wa Mtaa. Nilikuwa katibu wake. Tulijadili kununua kanda ya vicheko na kuifungulia kwenye vipaza sauti. Tulijadili kuwavalisha watumishi wa Idara khanga na kuwasimamisha madirishani. Hoja hiyo ilipita, ikajaribiwa, na mhasibu wetu akasimama dirishani akicheka kwa bidii mpaka mpita njia akaita gari la wagonjwa. Mwisho tulifikia uamuzi wa kihistoria: uhai urudishwe, kwa muda, chini ya uangalizi.

Tulikwenda Eneo la Mpito mimi, Mkurugenzi na Mwekezaji. Gari lilikwama kwenye tope karibu na machimbo, tukamalizia kwa miguu. Shangazi alikuwa nje ya kibanda cha mabati, anaanua nguo zilizokuwa na vumbi la kokoto zaidi kuliko kabla hajazifua. Alikuwa amekonda. Aliwakaribisha wageni juu ya ndoo zilizogeuzwa, kwa kuwa viti vilishageuzwa kuni.

Mkurugenzi alieleza kwa ufasaha kwamba Serikali inawathamini, inawakumbuka, na ingependa warudi mtaani kwao kama Wahuishaji.

"Kama nani?" aliuliza Shangazi.

"Wahuishaji. Mtakaa pale, mtapika, mtafua, mtaitana. Mtakuwa kama mnaishi."

Kinyozi, bwana mnene mwenye maneno mengi, alikuwa amesimama nyuma ya Shangazi na mkasi mfukoni. "Kama tunaishi," alirudia. "Hiyo tumeizoea. Hata huku tuko kama tunaishi."

Niliangaza macho kumtafuta Fundi Saa, kwani saa yangu ilikuwa imesimama tangu walipohama. Nikamwuliza Shangazi yuko wapi.

Alikunja shuka kwanza, ncha kwa ncha, akalilaza juu ya mengine. "Kifua," alisema. "Vumbi hili. Lori la maji lilipokuja, tukalisihi litupeleke hospitali. Dereva akasema hana kibali cha kubeba watu. Tulimzika pale, penye mawe meupe."

Katika taarifa ya ziara niliandika kwamba mkazi mmoja hakupatikana kwa sababu za kudumu. Kisha nikaivua saa yangu iliyosimama, nikaitia mfukoni.

Mkurugenzi aliinamisha kichwa kwa muda unaostahili, kisha akarudi kwenye ajenda. Mtaletwa asubuhi, alisema, na kurudishwa jioni.

"Haitafaa," alisema Shangazi.

"Kwa nini?"

"Baba, nyumba isiyolala watu inajulikana. Inanuka rangi. Mtu akiingia tu anajua hapa hapajakaangwa kitunguu. Hao wageni wenu si watoto."

Mwekezaji aliacha kuitazama simu. "Kweli," alisema. "Harufu ya rangi wameilalamikia sana."

"Tupeni funguo, kila familia yake. Tuingie na vitanda vyetu. Tupike, tulale, watoto wachafue kuta kidogo. Mpaka siku ya mgeni kufika, mtu akitia pua mlangoni ataapa tulizaliwa humo."

"Na baada ya sherehe mtaondoka?" aliuliza Mkurugenzi.

"Sisi tena? Tangu lini tukaambiwa tuondoke tukakaa?"

Jibu hilo lilimridhisha sana. "Kuna ombi lingine?"

"Mbele ya Waziri mtatuita nani? Hao wahuishaji wenu hata kutamkika hawatamkiki."

Mkurugenzi aliona busara yake. "Mbele ya Waziri," alisema, "mtakuwa wakazi. Wakazi tu, basi."

Wakarudi, na lazima nikiri kama mtaalamu kwamba matokeo yalizidi matarajio. Friji lilianza kunuka kitunguu. Watu walisalimiana kwenye lifti kwa muda mrefu mpaka milango ikachoka kufunguka na kufungwa. Nguo, ambazo kanuni za jumba zilipiga marufuku kuanikwa, sasa Kamati iliamuru zianikwe, na ilipoonekana hazitoshi nilitumwa nyumbani kwa Mkurugenzi nikachukue mapazia. Msichana wa lile duka lisilojulikana aliwaacha wazee wakae ndani wapige soga, na kwa mara ya kwanza duka likawa na matumizi.

Mazoezi yalifanyika kila siku. Mkurugenzi mwenyewe alisimama uani na filimbi.

"Mama wa ghorofa ya pili! Ita jirani!"

"Nimwite nimwambie nini?"

"Chochote! Mwombe chumvi!"

"Nimegombana naye."

"Basi gombaneni! Lakini kwa furaha!"

Upande wa Kinyozi palikuwa na changamoto, kwani kinyozi hawezi kufanya mazoezi bila kichwa, na wanaume wa mtaa walikuwa wamekwishanyolewa. Ikaamuliwa wanakamati tujitolee. Tulinyolewa leo, tukanyolewa kesho, tukanyolewa hata palipokuwa hapana kitu, wembe ukipita juu ya ngozi kwa ajili ya mandhari. Mpaka siku ya uzinduzi Idara nzima ilikuwa na vipara vinavyong'aa, na Waziri aliposhuka garini akatuona tumejipanga, alisema kwamba hajawahi kuona watumishi wenye usafi wa namna ile.

Waziri alikuwa mtu mwenye machozi ya karibu, hasa kamera zikiwapo. Alipita uani na wajumbe wake. Akaona mzee ananyolewa. Akaona wanawake wawili wanagombana kwa furaha. Alikaa kwenye benchi la mandhari, na askari wa jumba, aliyefunzwa vizuri, akamwendea kumwinua. Ilibidi nimkamate mkono. Kisha Waziri akasema anataka kuingia nyumba ya mkazi wa kawaida, na Mkurugenzi akampeleka kwa Shangazi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote mazoezini.

Tulijaa sebuleni: Waziri, Mkurugenzi, Mwekezaji, mimi, wapiga picha. Shangazi alikuwa anapiga pasi shati. Alitusalimu, akatukaribisha, akaendelea.

"Mama," alisema Waziri, "umeishi hapa muda gani?"

"Tangu ujana wangu, Mheshimiwa." Ndivyo tulivyomfundisha, na tena ilikuwa kweli, jambo nadra katika kazi yetu.

"Na wakati wanajenga jumba hili, mlikwenda wapi?"

Swali hilo halikuwamo kwenye mazoezi. Shangazi aliiweka pasi kwenye kigae chake, akamtazama Mkurugenzi kwa upole.

"Hilo, Mheshimiwa, wanalijua wakubwa hawa. Mimi kazi yangu nguo. Mkurugenzi, tulikwenda wapi vile?"

Kamera zote zikamgeukia. Niliona jasho likichagua njia kwenye kipara chake.

"Hawakwenda popote, Mheshimiwa," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyehamishwa. Tulijenga... tukiwazunguka."

"Mkiwazunguka?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ni mbinu mpya."

Wajumbe wa miji mingine walianza kuandika. Waziri alishika kifua. "Yaani mmepandisha jumba lote hili bila kumgusa mwananchi hata mmoja? Na nyumba hizi sasa ni zao?"

Mwekezaji alikohoa nyuma yetu, kikohozi cha mtu anayetaka kusikika. Lakini taa nyekundu za kamera zilikuwa zinawaka, na Mkurugenzi hakuwa na njia ya kurudi nyuma isipokuwa kupitia kwenye ukweli.

"Ni zao, Mheshimiwa," alisema. "Za nani tena?"

Waziri alihakikisha kamera iko upande wake mzuri, kisha akalia. Akamkumbatia Shangazi pamoja na shati. Alipopata sauti alitangaza, mbele ya taifa zima, kwamba nyumba hizi ni mali ya wakazi hawa, wao na watoto wao, na kwamba yeyote atakayewagusa atakuwa amemgusa yeye. Jumba likalipuka kwa vigelegele. Hivyo havikuwa vya mazoezi. Nilivitambua kwa sababu vilianza vyote kwa pamoja na hakuna aliyemtazama mwenye filimbi.

Kesho yake Mkurugenzi alipanda kwa Shangazi kudai funguo. Nilimsindikiza.

"Sherehe imekwisha, Mama. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, baba. Na funguo hizi hapa, nimezitundika." Alimwonyesha zilipo, msumarini, nyuma ya mgongo wake mwenyewe. "Ila Waziri amesema atakayetugusa amemgusa yeye. Sasa wewe unataka kumgusa wapi?"

Mkurugenzi alishuka kwa ngazi, akasahau kuna lifti.

Yupo atakayeuliza kwa nini hakwenda kumweleza Waziri ukweli. Mtu huyo hajawahi kuajiriwa. Waziri hafuti tamko. Kufuta ni kukiri, na kukiri hakumo katika muundo wa Wizara. Isitoshe, angelazimika kusema kwamba yeye, Mkurugenzi, alimdanganya Waziri mpaka akamliza.

Aliyekwenda ni Mwekezaji. Hoja yake ilikuwa fupi: alipewa mtaa, amenyang'anywa mtaa, anataka mtaa. Wizara iliona ana haki. Ikamtuma Katibu wa Waziri, bwana mtaratibu mwenye miwani, aje ofisini kwetu kusimamia upatikanaji wa eneo mbadala. Tulitandaza ramani ya jiji mezani. Mwekezaji alitaka pahali penye maji, miti, na karibu na katikati. Akaweka kidole penye bustani za mashariki. Mtu mmoja mezani akakohoa, kwani shemeji yake ana nyumba huko. Akakisogeza kilimani, Katibu mwenyewe akakohoa. Kila kidole kilipotua, kifua fulani kiliwasha. Mwisho kikatua kwenye mtaa wa nyumba za maofisa, zenye bustani kubwa na vivuli, na aliyekohoa safari hii ni Mkurugenzi, kwa sababu mojawapo ilikuwa ya kwake.

Alikohoa sana. Lakini kikohozi kina cheo, na chake ndicho kilikuwa kidogo kuliko vyote pale mezani.

"Unaweza kukataa," alisema Katibu, akifuta miwani. "Hakuna atakayekulazimisha. Ila kabla hujakataa, nieleze vizuri ile mbinu ya kujenga mkiwazunguka watu, maana Mheshimiwa ameshaiahidi kwa miji mingine. Tungependa kujua ilifanyikaje. Hasa pale ghorofa ya kwanza ilipopita."

Mkurugenzi aliomba kalamu. Kisha akatia sahihi, taratibu, kama mtu anayejitia chumvi kwenye kidonda.

Kazi ya kutangaza ilikuwa yangu. Nilipanda juu ya gari la Idara katikati ya mtaa wa maofisa, nikaueleza umma kwamba uchunguzi wa kina umekamilika. Dalili zilikuwa wazi. Bustani zilikuwa kubwa na hakuna aliyeketi ndani yake. Mbwa walikuwa wengi kuliko watu. Mtu aliishi miaka na asijue jina la jirani yake, hali inayoashiria ukavu wa mahusiano.

Mke wa Mkurugenzi alitoka barazani, mkono kiunoni. "Bwana Tamko! Hadhi yetu sisi imepungua lini?"

"Leo asubuhi, Mama. Lakini imepungua sana."

Mkurugenzi alijitokeza nyuma yake amevaa fulana ya ndani. "Tamko, ni mimi huyu!"

"Nimekutambua, Mkuu. Ndiyo maana nimepunguza sauti ya kipaza."

Mimi mwenyewe sikubaguliwa, kwani chumba nilichopewa na Serikali kilikuwa uani mwa nyumba hizohizo. Nilikwenda kwa Shangazi na sanduku langu. Alinitazama mlangoni muda mrefu kiasi kwamba jirani alipita, akasalimu, akarudi, akasalimu tena.

"Unatafuta nini?"

"Mahali, Shangazi."

"Mahali pa muda au pa kudumu?"

Nililiweka sanduku chini. Kinyozi, aliyekuwa amekaa sebuleni na kikombe cha chai, aliona nafasi. "Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe..."

"Nyamaza, usimalizie," alisema Shangazi. "Mtoto ana njaa." Akanipisha nipite. Nilipofika jikoni, akasema nyuma yangu, bila ukali, kama mtu anayetaja bei ya sabuni: "Ijumaa tunakwenda penye mawe meupe kusafisha kaburi. Na wewe utakwenda. Hutabeba kipaza sauti."

Sasa jioni nikitoka kazini naanika nguo. Naliona hilo kama uteuzi.

Juzi simu ya ofisi ililia, nikapokea. Mstari ulikuwa mbaya, upepo mtupu, na mahali fulani nyuma yake watu wengi wanazozania foleni.

"Tamko," ilisema sauti, "huku hakuna maji."

Nilimtambua, ingawa sauti ile ya kuzindulia madaraja ilikuwa imebaki ya kuombea ndoo. Nilimjibu kama ninavyomjibu mwananchi yeyote, kwamba kero yake imepokelewa na inafanyiwa kazi.

"Usiniletee hayo, nimeyatunga mimi! Lori halijaja tangu juzi. Mke wangu anakohoa. Niunganishe na mhusika!"

"Malalamiko ya Eneo la Mpito yana mhusika mmoja tu, Mkuu. Ni Mkurugenzi."

"Basi niunganishe naye!"

Nilimwomba asubiri, kwa adabu, nikaweka mkono juu ya simu, nikachungulia chumba cha pili ili nisije nikatoa taarifa isiyo sahihi. Kiti chake kilikuwa kitupu, kama alivyokiacha, na koti halikuwapo. Nikarudi kwenye simu.

"Samahani," nilimwambia. "Mkurugenzi hayupo. Tumeambiwa anahama."